Simu ya 4G, laini ya zamani: namna ya kuhamia mtandao wenye kasi bila kupoteza namba yako

Mtu ananunua simu ya 4G Ngamiani, anaitoa kwenye boksi, anachomeka laini aliyonayo tangu enzi za kitochi, anaweka bando la wiki. Juu ya kioo inatokea H+, alama ya 3G, pengine E kabisa, ya 2G. Video inazunguka tu. Anarudi kwa muuzaji akiwa amewaka: umeniuzia simu feki. Muuzaji anaapa kwamba simu ni nzima, na mara nyingi anasema kweli. Kilichogoma ni kile kikadi kidogo ambacho hakuna aliyekitilia shaka.

Mwongozo huu ni wa watu wa Tanga, mjini na wilayani, na hasa wa yule kijana ambaye kila nyumba inaye, anayeitwa na bibi, mama na mjomba: "Hebu njoo unitazamie simu hii." Wewe ndiye utakayewafanyia kazi hii, na ukiifanya ovyo mzee anaweza kukaa siku kadhaa bila pesa zake za kwenye simu na bila namba za watu wake.

Kwanza, ujue ndani ya kadi kuna nini

Wengi wanaogopa kubadilisha laini kwa kuamini kwamba namba yao na pesa zao zimo ndani ya kadi. Hazimo. Pesa ya M-Pesa, Airtel Money, HaloPesa, Mixx by Yas au T-Pesa iko kwenye akaunti katika mfumo wa mtandao. Hata namba yako ya 07 au 06 imeandikwa kwenye kompyuta za mtandao. Kadi yenyewe imebeba kitambulisho kingine usichokiona, ambacho kwa laini za Tanzania huanza na 640, pamoja na ufunguo wa siri. Mtandao unasema: mwenye kitambulisho hiki ndiye mwenye namba hii. Ukipewa kadi mpya, wanachofanya ni kuihamisha namba yako kutoka kitambulisho cha zamani kwenda kipya. Namba inabaki ileile na salio linabaki lilelile.

Kinachoweza kupotea kweli ni majina. Kadi ya zamani huhifadhi majina, nyingi hadi 250, na watu wazima wengi waliotoka kwenye kitochi wana namba za jamaa zao zote humo. Hilo tutalirudia, maana ndilo linaloumiza.

Sasa kwa nini kadi ya zamani igome? Kadi za kizazi cha 2G zilitengenezwa ili mtandao uweze kumtambua mteja. Mteja hakuwa na njia ya kuutambua mtandao. Mnara wowote uliojitangaza, simu iliuamini. Kuanzia 3G kadi ikawa na programu mpya ambayo pande zote mbili zinahojiana kabla ya kuunganishwa. Waliotunga viwango vya 4G waliamua kwamba kadi ya 2G haitapokelewa kabisa. Kwa hiyo hata ukinunua simu ya milioni mbili, kadi ya namna hiyo itakuishia kwenye mtandao wa chini. Kadi ya kizazi cha 3G kitaalamu inaweza kufungua 4G, ila mtandao wako ndio wenye kauli ya mwisho.

Hatua ya 1: Tafuta mwenye kosa kabla ya kutoa hela

Hapa ndipo ningependa utulie, kwa sababu watu wanaruka hatua hii kisha wanahangaika wiki nzima. Kasi ikigoma, kosa linaweza kuwa kwenye kadi, kwenye simu, kwenye mipangilio, au mahali ulipo. Kuna jaribio moja la bure linalotenganisha hayo yote.

Mtafute mtu mwenye laini mpya ya mtandao uleule na ambaye simu yake inashika 4G. Kaeni pamoja, sehemu moja, kibaraza kimoja. Mwombe laini yake uichomeke kwenye simu yako, zima simu, washa, subiri dakika mbili. Ikitokea 4G, simu yako ni nzima na eneo lina mtandao, hivyo mwenye kosa ni laini yako. Isipotokea, fanya kinyume: chomeka laini yako kwenye simu yake. Ikishika 4G huko, laini yako haina neno na tatizo liko kwenye simu yako. Ikigoma kwake pia, basi vyote viwili vina walakini, na uanze na laini kwa kuwa ndiyo rahisi kushughulikia.

Laini ya mtandao mwingine haifai kwa jaribio hili. Airtel ikishika 4G mahali ambapo Halotel imegoma hujajifunza chochote kuhusu kadi yako. Minara ni tofauti.

Na usijaribu ukiwa bondeni. Ukiwa Lushoto, unaweza kuwa nyuma ya mlima, mahali ambapo mnara haukufikii, ukahukumu kadi isiyo na hatia. Panda juu kidogo, au subiri ufike Korogwe au Muheza mjini.

Hatua ya 2: Iangalie simu yenyewe

Kama jaribio limeielekeza shaka kwenye simu, anza na yaliyo rahisi. Fungua Mipangilio, nenda kwenye mtandao wa simu, tafuta aina ya mtandao unaopendelewa. Iwe kwenye 4G au 5G yenye kujichagulia yenyewe. Simu nyingi zilizotumika zinakuja zimefungwa kwenye 3G, kwa sababu mwenyewe wa kwanza alikuwa anabana chaji.

Halafu tazama tundu. Katika simu nyingi za laini mbili za miaka ya nyuma, tundu moja tu ndilo lenye 4G, na la pili linaishia 2G au 3G. Mama ameweka laini ya data tundu la pili na ile ya kupigia tu tundu la kwanza, anateseka bure. Zibadilishe. Kuna pia simu ambazo tundu la pili ni la kugombania: ama laini, ama memori kadi. Ukiona laini ya pili haina pa kukaa, sababu ni hiyo.

Masafa ni jambo zito zaidi, na ni la kulijua kabla ya kununua. Tanzania 4G inapita kwenye masafa kama megahezi 700, 800 na 1800, ambayo kwenye maelezo ya simu huandikwa bendi 28, bendi 20 na bendi 3. Masafa ya chini, 700 na 800, husafiri mbali na hupenya kuta vizuri zaidi, ndiyo maana yanafaa kwa vijiji na mashamba. Simu iliyotengenezwa kwa soko la Marekani inaweza kukosa bendi 20 au 28. Matokeo yake ni simu inayoonekana nzima ukiwa Chumbageni, ukielekea Pangani au ukiingia ndani Handeni inashuka hadi 3G wakati wenzako kwenye basi wanaendelea na 4G. Hakuna laini itakayoponya hilo. Kabla ya kununua simu iliyotumika, chukua namba kamili ya modeli, itafute mtandaoni, na uhakikishe bendi hizo tatu zimo.

Simu za kutoka nje huwa na balaa lingine, kufungwa kwenye mtandao mmoja. Jaribu hapohapo dukani: chomeka laini mbili za mitandao tofauti, moja baada ya nyingine. Simu ikidai namba ya kuifungua, imefungwa. Kwenye iPhone, ingia Mipangilio, sehemu ya maelezo kuhusu simu, utafute mstari unaohusu vizuizi vya SIM. Uwe unasema hakuna kizuizi. iPhone 14 na za baada yake zilizouzwa Marekani hazina hata tundu la laini. Zinatumia eSIM peke yake, yaani laini isiyo na kadi, inayoingizwa kwenye simu kwa kupiga picha ya msimbo. Baadhi ya mitandao ya Tanzania inaitoa, lakini kaulize mtandao wako kabla hujalipa simu, na ujue kwamba simu ikizima chaji safarini huwezi kuichomoa laini ukaichomeka kwenye kitochi cha jirani. Kwa mfanyabiashara anayetegemea namba moja, mimi ningemshauri simu yenye tundu.

Mwisho kwenye simu, piga *#06#. Itakuja IMEI, namba ya tarakimu 15. Itume kwa ujumbe mfupi kwenda 15090 ujue kama simu ni halali. Usiku wa tarehe 16 Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilizizima simu bandia nchi nzima, na waliokuwa wamenunua kwa bei ya kutupa ndio walioamka na simu zisizopiga. Simu iliyopitia Horohoro mkononi mwa mtu usiyemjua, ipime hivi kwanza.

Hatua ya 3: Kadi haiingii? Usiikate

Kadi zimekuwa zikipungua umbo. Ile tuliyoizoea kwenye vitochi ni milimita 25 kwa 15. Ikaja ndogo, 15 kwa 12. Ya sasa, nano, ni 12.3 kwa 8.8, na simu nyingi mpya hupokea hiyo tu.

Fundi ana kikataji chake, atakukatia kwa hela kidogo huku mnapiga soga. Naomba usikubali, kwa sababu mbili. Nano ni nyembamba pia: unene wake ni milimita 0.67 wakati za awali ni 0.76. Iliyokatwa bila kupunguzwa unene inabana kwenye trei, na siku ya kuitoa inaweza kutoka na meno ya tundu. Kwenye kadi za zamani sana, eneo la shaba ni pana, na mkasi unaweza kuligusa. Hapo laini imekufa. Sababu ya pili ndiyo kubwa: kukata kunabadilisha umbo, kilichomo ndani kinabaki kilekile. Kama ilikuwa kadi ya 2G, sasa una kadi ndogo ya 2G.

Ukipewa kadi mpya itakuja na mikato tayari. Unasukuma kwa kidole inatoka saizi unayotaka. Yale mafremu ya plastiki yanayobaki yatunze. Ndiyo yatakayokuwezesha kuirudisha kwenye kitochi siku simu kubwa ikiharibika. Lakini usichomeke fremu tupu bila kadi ndani, hunasa meno ya tundu.

Hatua ya 4: Jiandae nyumbani

Anza na majina. Ukiwa bado na kadi ya zamani, ichomeke kwenye simu inayoipokea, fungua Anwani, tafuta sehemu ya kuingiza kutoka kwenye SIM, na uyahamishie kwenye akaunti ya Google au kwenye kumbukumbu ya simu. Kama kadi haiingii kwenye simu mpya kwa ukubwa wake, tumia kitochi chenyewe: kina amri ya kunakili majina yote kutoka laini kwenda simu. Kisha yaandike kwenye daftari yale muhimu, ndiyo, kwa kalamu. Kwa bibi ambaye hasomi vizuri, keti naye, mpitie jina moja moja. Atakuambia nani amefariki, nani alihamia Mombasa, na majina ambayo kadi iliyakata kwa ufupi utayaandika kamili.

Kisha piga *106#. Hapo utaangalia laini imesajiliwa kwa jina gani, na ni laini zipi nyingine zimesajiliwa kwa namba yako ya NIDA. Katika usajili wa laini kwa alama za vidole, ambao mwisho wake ulisogezwa hadi 20 Januari 2020, watu wengi hawakuwa na kitambulisho wakati ule, wakasajiliwa na mpwa, na shemeji, na mwenye nyumba. Laini ikiwa ni ya jina la mwingine, huwezi kuibadilisha bila yeye kufika na kidole chake. Kama yuko mbali, toa pesa zote zilizomo kwanza, ukishamaliza ndipo mpange siku ya kwenda pamoja. Na ukiona kwenye orodha namba usiyoijua, iripoti kwa mtandao huohuo siku hiyohiyo.

Jihakikishie unakumbuka PIN ya pesa. Hifadhi nakala ya WhatsApp. Piga picha ya nyuma ya kadi ya zamani: ile namba ndefu inayoanza na 89255 inaweza kuulizwa. Na kama una mkopo wa kwenye simu, au wewe ni wakala, waambie hivyo wahudumu mapema, maana laini ya uwakala ina taratibu zake.

Hatua ya 5: Dukani

Nenda kwenye duka la mtandao wenyewe au kwa wakala anayetambulika, mwenye duka la kudumu. Yule kijana wa mwavuli stendi ya Kange anaweza kuwa mwaminifu kabisa, ila ukipata shida kesho hutajua pa kumpata. Nenda asubuhi, tena si siku uliyo na safari.

Beba kitambulisho cha NIDA au ile namba ya tarakimu 20, kadi ya zamani, na simu mpya yenyewe. Sema wazi unachotaka:

"Habari za asubuhi, dada. Laini hii ni ya zamani, haishiki 4G. Naomba mnibadilishie kadi, namba ibaki ileile."

Neno "namba ibaki ileile" ulitamke. Usipolitamka, siku ya foleni unaweza kusajiliwa laini mpya kabisa. Uliza gharama kabla hawajaanza, na uulize kama kadi unayopewa ni ya 4G au ya 5G.

Sasa kidole. Mkoa huu una watu wengi ambao vidole vyao vimekwisha kwa kazi: wanaokata mkonge, wavuvi wanaovuta nyavu Deep Sea, akina mama wanaofua kila siku. Mashine inakataa mara ya kwanza na ya pili, mzee anaanza kuona aibu kama vile anashukiwa wizi. Simama naye. Anawe mikono, aikaushe vizuri, asugue ncha za vidole kidogo zipate joto. Akijaribu dole gumba likakataa, mwombe mhudumu ajaribu kidole kingine. NIDA haikuchukua kidole kimoja tu. Kubonyeza kwa nguvu hakusaidii, alaze kidole kwa utulivu. Mwambie: "Taratibu tu, babu, mashine ndiyo haioni." Ikishindikana kabisa, uliza utaratibu wa kurekebisha alama zake NIDA, maana hali hiyo itamfuata na kwenye huduma nyingine.

Wakati wote huo hakuna mtu anayehitaji PIN ya pesa. Mhudumu akiiuliza, chukua kadi yako uondoke.

Hatua ya 6: Ukishapewa kadi mpya

Kadi ya zamani itakata mawasiliano. Hiyo ndiyo dalili kwamba namba inahama. Chomeka mpya, zima na uwashe simu. Ikichelewa, subiri, usianze kuichomoa na kuichomeka kila dakika. Ikikudai PIN ya laini, iko kwenye ile kadi kubwa ya plastiki uliyopewa, pamoja na PUK, namba ya tarakimu 8 ya kuifungua laini iliyojifunga. Ukikosea PIN mara 3 itadai PUK, na ukikosea PUK mara 10 kadi imekufa na unarudi foleni. Kwa hiyo plastiki ile usiitupe.

Fuata mpangilio huu: pigia mtu, mtu akupigie, tuma ujumbe, angalia salio la pesa, ndipo ufungue data. Kwenye menyu ya pesa unaweza kukutana na zuio la muda au kutakiwa kuthibitisha upya. Ni kinga dhidi ya wezi wanaojibadilishia laini za watu. WhatsApp ikiomba msimbo wa tarakimu 6 uutoe kwenye ujumbe na uuingize mwenyewe. Ukipigiwa na mtu "wa mtandao" anayeutaka msimbo huo ili "akamilishe usajili", kata simu. Ujumbe wa kitapeli unaupeleka 15040.

Kinyume chake nacho ukijue: siku laini yako ikikata yenyewe, hukuomba kubadilisha kitu, na jirani mwenye mtandao uleule anapiga vizuri, azima simu yake upige 100, huduma kwa wateja, mara moja. Huenda kuna mtu anahamisha namba yako.

Jambo moja huwatisha watu: 4G inaonekana vizuri, ukipiga simu inashuka hadi 3G au 2G, ukikata inarudi. Si ubovu. Simu isiyopiga kupitia 4G hushuka ili ipitishe sauti kwenye mtandao wa zamani.

Na 5G? Vodacom waliizindua nchini Septemba 2022, na mitandao mingine nayo imefuata. Pale ambapo 5G inaegemea mitambo ya 4G, mara nyingi kadi nzuri ya 4G inatosha, mradi simu ni ya 5G, mtandao umekuruhusu na mnara uko karibu. Mtu wa Maramba au Kwamsisi asinunue simu ghali kwa sababu hiyo peke yake. Kwanza aulize mnara wake una nini.

Siku nzima ikipita, kadi ni mpya, simu umeithibitisha, na bado unaona H+, piga 100. Usiseme tu "intaneti haifanyi kazi", watakuambia uzime na uwashe. Waambie: nimebadilisha kadi jana, simu yangu inashika 4G kwa laini nyingine ya mtandao wenu nikiwa hapahapa Makorora, naomba muangalie kama namba yangu imefunguliwa 4G kwenye mfumo wenu, na mnitumie mipangilio ya intaneti. Kwa maelezo hayo mhudumu anajua aanzie wapi, na mara nyingi ni kitufe kimoja upande wao.